Kupanga Mji Mkubwa Katika Nchi Kavu

Leo nataka kusema nanyi juu ya kazi ya kupanga mji mkubwa. Najua wako watakaosema, "Sisi tu watu wa shamba, habari za kupanga miji zatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, na yafaa nilijibu kwanza. Sisi tukaao Mlali na sehemu nyingine za Kongwa, pamoja na jirani zetu wa Mpwapwa, Chamwino na Bahi, twakaa kando ya mji unaokua upesi sana. Mji huo ni Dodoma. Mahindi na alizeti zetu huuzwa huko. Mkaa wa miti yetu huteketezwa huko. Watoto wetu wamalizapo shule huenda huko kutafuta kazi. Tena mji ukipanuka, mipaka yake huwafikia watu waliokuwa wakilima na kuchunga kama sisi. Basi habari za mji si za watu wa mjini peke yao.

Kwanza tufahamu kupanga mji ni kufanya nini. Siku moja niliwatoa wanafunzi wangu nje, nikawaambia wachore mji mpya mchangani, kila kundi mji wake. Walifanya kazi kwa bidii. Walichora njia pana zilizonyoka, nyumba za serikali, uwanja wa mpira, hospitali, kanisa na msikiti, na kundi moja likachora kiwanja cha ndege kilichokuwa kikubwa kuliko mji wenyewe. Walipokwisha, msichana mmoja aliyekuwa akitazama tu akauliza, "Maji yanatoka wapi?" Wote wakanyamaza. Kisha mvulana mmoja akachukua kijiti akachora mto upesi upesi, ukapita katikati ya uwanja wa mpira. Tulicheka sana. Lakini kosa lile si la watoto tu. Watu wazima wenye elimu nyingi wamelifanya, tena kwa fedha nyingi, kama nitakavyoeleza.

Mgogo ajengapo tembe hatazami sura ya nyumba kwanza. Hutazama upepo watoka wapi, maji ya mvua yatapita wapi, ng'ombe watalala wapi, na kisima ki mbali kiasi gani. Kupanga mji ni kazi ile ile, ila ni kwa ajili ya watu laki kadha wa kadha, na wengi wao hawajazaliwa bado. Jambo kubwa ni kujua yapi yaweza kurekebishwa baadaye na yapi hayawezi. Nyumba mbaya yaweza kubomolewa, ikajengwa nyingine. Lakini bonde lipitishalo maji likikwisha kujazwa nyumba elfu, au mahali pa barabara pakikwisha kujengwa maduka, kupakomboa tena ni gharama na machozi. Kwa hiyo ramani njema ya mji si ile ionyeshayo majengo mengi, bali ni ile ionyeshayo wazi mahali pasipojengwa.

Sasa tuitazame Dodoma yenyewe. Wazee husimulia ya kuwa jina lake latokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, kwa sababu tembo alikwenda kunywa maji kijitoni, akazama katika tope. Katika zamani za Wadachi reli ya kati iliyotoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1910, pakawa na stesheni, boma na maduka. Kwa miaka mingi ulikuwa mji mdogo wa reli na hakuna aliyeuwazia makuu. Hata mwaka 1973 chama cha TANU, baada ya kuyauliza matawi yake, kiliamua ya kuwa makao makuu ya nchi yaondoke Dar es Salaam yaje Dodoma. Sababu zilikuwa wazi. Dar es Salaam iko ukingoni mwa nchi, na mtu wa Kigoma au Bukoba asafiri siku nyingi kuifikia. Dodoma iko katikati. Tena ilidhaniwa ya kuwa mji mkuu ukiwekwa bara, utaivuta bara yote kwenda mbele.

Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 kampuni ya wapanga miji wa Toronto, nchi ya Kanada, ikatoa mpango mkuu wa mji. Mpango huo ulikuwa na mawazo mazuri, na mimi binafsi huusifu hata leo. Haukutaka mji wa fahari wenye njia pana za gwaride na majumba marefu. Ulitaka mji wa watu waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi. Mitaa yenye shule yake, soko lake na zahanati yake, kila kitu karibu. Vilima viachwe na miti yake, na mabonde yaachwe wazi. Walisema kazi ya kuhama itachukua miaka kumi.

Haikuchukua miaka kumi. Mafuta yalipanda bei, ikaja vita na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, kisha miaka ya themanini ikaja na taabu zake, ambazo wazazi wetu waliozipanga foleni wazikumbuka. Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996, lakini wizara zikabaki pwani. Ndipo mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotangaza ya kuwa serikali yote itahamia, na mara hii ikahama kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na sheria ikaitangaza kuwa makao makuu. Mwaka 2019 ukafunguliwa Mji wa Serikali huko Mtumba, upande wa mashariki, katika barabara ya kwenda Dar es Salaam. Na mwezi wa Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaifungua Ikulu ya Chamwino. Ukatengenezwa pia mpango mkuu mpya, wa mwaka 2019 hadi 2039.

Kuchelewa kwenyewe si aibu. Huko Australia mahali pa mji mkuu wao, Canberra, palichaguliwa mwaka 1908. Mwaka 1912 mchoraji mmoja wa Chicago, jina lake Walter Burley Griffin, alishinda mashindano ya kuuchora. Bunge lilihamia huko mwaka 1927, na ziwa alilolichora katikati ya mji lilijaa maji mwaka 1964, naye alikuwa amekwisha kufa zamani. Lakini angalieni jambo hili: kwa muda wa miaka hamsini mahali pa lile ziwa hapakujazwa nyumba. Palingoja.

Kwetu hesabu ya watu haikungoja. Mwaka 2012 Dodoma ilikuwa na watu 410,956. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 765,179. Kwa miaka kumi mji ulikaribia kuwa mara mbili. Bado si Dar es Salaam, ambayo katika sensa ile ile ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5, lakini Dar es Salaam ina mvua ya kama milimeta 1,100 kwa mwaka, na Dodoma hupata kama milimeta 570 tu, nazo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine yote ni jua na upepo.

Sisi wa Kongwa tuna ushahidi wetu juu ya watu wapangao bila kuuliza mvua. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma Bwana John Wakefield na wenzake watafute mahali pa kulima karanga, maana Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Walizunguka kwa muda wa majuma machache, mara nyingi wakiitazama nchi kwa ndege, wakaandika ya kuwa eka zaidi ya milioni 3 zaweza kulimwa, katika nchi hii na nchi za jirani. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yakavunjika juu ya mizizi ya mibuyu na vichaka. Udongo, mvua ilipokwisha, ukakauka kama tofali, hata karanga hazikung'oka. Mvua zenyewe zikapungua. Mwaka 1951 shauri lote likaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa zaidi ya pauni milioni 30. Wazee waliokuwa wakiishi Kongwa wakati ule walijua vizuri mvua ya nchi yao. Hawakuwa wametembelewa na njaa bure. Ile iitwayo Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, iliua watu wengi mno katika Ugogo. Lakini wapangaji wa karanga hawakuona haja ya kuwauliza.

Basi twendeni kwenye maji ya mji. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma kwa miaka mingi imetoka chini ya ardhi, katika visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Watu hudhani maji ya chini ni mto uendao chini kwa chini, usiokwisha. Sivyo. Ni ghala. Mvua inyeshapo, kwanza udongo wenye kiu hunywa, kisha mizizi ya majani na miti hunywa, na jua huchukua fungu lake. Yakibaki maji baada ya hao wote kushiba, ndiyo yanayoshuka polepole mpaka kwenye mchanga na miamba iliyopasuka, yakawekwa huko. Katika msimu wa kawaida wa nchi yetu hakibaki kitu, au hubaki kidogo mno.

Wataalamu walichunguza vipimo vya Makutupora vya miaka 55, na habari yao ikachapwa mwaka 2013. Waliona ya kuwa katika miaka hiyo yote misimu 7 tu, ile yenye mvua nyingi kupita desturi, ndiyo iliyoleta kama sehemu 60 katika kila 100 za maji yaliyoingia ghalani. Msimu wa 1997 hadi 1998, ule wa El Niño, ulikuwa mmoja wao. Msomaji aijuaye habari ya Yusufu kule Misri hatashangaa sana kwa hesabu hiyo ya saba. Ila Farao alikuwa na miaka saba ya shibe yenye kufuatana, naye aliambiwa mapema. Sisi hatuambiwi. Mwaka wa mvua kubwa huja bila taarifa, na twauita mwaka wa mafuriko, twalalamika kwa sababu ya madaraja, kumbe ndio mwaka mji unapowekewa akiba ya kunywa kwa miaka mingi.

Hapa ndipo ramani ya mji ihusikapo. Palipokuwa na mchanga na majani, sasa pana bati, saruji na lami. Mvua ikinyesha juu ya vitu hivyo haizami. Hukimbia, huingia korongoni kwa nguvu, huchimba, hubeba udongo, na kabla ya usiku imekwisha kupita. Tumeona wenyewe nguvu za maji ya nchi hii: mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliibomoa reli kati ya Gulwe na Kilosa, hata garimoshi zikasimama kwa miezi. Mji uliopangwa vibaya katika nchi kavu hupata hasara mbili kwa mvua moja. Hufurika leo, na visima vyake hupungua kesho. Mji uliopangwa vizuri huacha mabonde wazi ili maji yatulie na kuzama, huzuia majengo na uchafu katika nchi ijazayo visima vyake, na huweka mabwawa madogo yasiyo ya kunywa bali ya kupunguza mbio za maji.

Wako wasemao tusisumbuke na mabonde, maji yaletwe kutoka mbali. Bwawa la Farkwa, huko Chemba, limetajwa katika mipango kwa miaka mingi, na yamesemwa pia maneno ya kuyavuta maji ya Ziwa Victoria. Mimi siyapingi, mji wa watu laki nyingi hauwezi kuishi kwa visima peke yake. Ila nakumbusha ya kuwa jua la nchi hii hunywa bwawa kuliko ng'ombe wote wa Ugogo, na bomba la mbali lina gharama yake kila siku, maana maji hayapandi uwanda huu kwa hiari. Maji yaliyozama mchangani jua haliyapati. Ndiyo maana wazee wetu wakati wa kiangazi walichimba katika mito ya mchanga, na ndiyo maana huko Ukambani, Kenya, watu wamejenga kuta ndogo za kukatisha mito ya namna hiyo ili mchanga ujae nyuma yake na kushika maji.

Kwa ajili ya wanafunzi nitaweka hesabu hapa. Milimeta 1 ya mvua juu ya meta mraba 1 ni lita 1. Basi paa la bati lenye meta mraba 60, likipata mvua ya milimeta 570, hupokea lita 34,200 kwa mwaka, yaani ndoo 1,710 za lita 20. Yaonekana ni mali nyingi. Lakini jamaa itumiayo ndoo 5 kwa siku, kwa siku 240 za kiangazi, yahitaji tangi la lita 24,000, na tangi kama hilo laweza kumgharimu mtu kuliko nyumba yake. Kwa hiyo kumwambia kila maskini akinge maji ni rahisi kwa msemaji tu. Mahali pa kuanzia ni kwenye mapaa makubwa: wizara, shule, vyuo, masoko, stesheni. Haya yanayo fedha, na mapaa yake ni mapana mno. Mpanga mji aweza kuliandika jambo hilo kuwa sharti la kujenga.

Nimesema sana juu ya maji. Niseme sasa juu ya watu waliokuwapo kabla ya ramani. Brasília, mji mkuu wa Brazili, ulijengwa kwa miaka minne hivi na kufunguliwa tarehe 21 Aprili 1960, na dunia nzima ikausifu kwa uzuri. Lakini vibarua walioujenga hawakuchorewa mahali pa kukaa. Walikwenda kuishi mbali, katika miji ya pembeni, na mmoja wa miji hiyo, Taguatinga, ulianzishwa mwaka 1958, miaka miwili kabla ya mji mkuu wenyewe kufunguliwa. Mpango uliwaona waheshimiwa, haukumwona mpiga saruji.

Dodoma nayo haikuwa pori tupu. Mtumba, Ihumwa, Nzuguni, Ntyuka na Michese zilikuwa nchi za watu, zenye mashamba, makaburi na mibuyu yenye majina. Mamlaka ya Ustawishaji ilipewa ardhi yote ya eneo la makao makuu, na wenyeji wakawa wapangaji katika nchi ya babu zao. Hati zilizotolewa zilikuwa za miaka 33. Malalamiko ya viwanja na fidia yakawa mengi, hata tarehe 15 Mei 2017 Rais aliivunja Mamlaka hiyo, kazi zake zikapewa halmashauri ya mji, na ikaamriwa hati ziwe za miaka 99. Wengi walifurahi. Lakini ugumu wenyewe haukufa na Mamlaka. Upimaji waendelea, na mtu aliyekuwa na eka kumi za mtama na karanga aweza kujikuta na viwanja vichache na fedha mkononi. Fedha hizo, kwa mtu asiyejua kazi nyingine, huisha kabla ya msimu wa pili. Sheria za nchi zasema fidia iwe kamili, ya haki, tena ya haraka, na kila neno katika hayo matatu lina uzito wake. Fidia iliyo kamili lakini ikaja baada ya miaka mitano si fidia tena, maana mwenyewe amekwisha kukosa misimu mitano.

Mtu ataniuliza, hapa Mlali tufanye nini? Sisi hatumo ndani ya jiji. Lakini Kibaigwa, kwa ajili ya soko lake la nafaka na barabara kuu, imekuwa mji mbele ya macho yetu, na Kongwa yakua, na vitongoji vyetu navyo vyaanza kuuzwa kipande kwa kipande kwa watu wa mbali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, haikuiacha nchi ya kijiji mikononi mwa mwenyekiti peke yake. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, yaani sisi wenyewe tulioketi chini ya mti. Tena kijiji chaweza kutengeneza mpango wake wa matumizi ya ardhi: hapa malisho, hapa mashamba, hapa makazi, hapa msitu. Basi siku wapima ardhi watakapokuja na ramani yao, msiende mkutanoni kuwasikiliza tu. Waendeni wazee wajuao visima vya kiangazi vilikuwa wapi, waende wanawake wachotao maji, na mtoto wa shule ajuaye kusoma ramani akae mbele. Kila korongo, hata lile ambalo mwaka huu ni kavu kabisa, liandikwe katika ramani kwa jina lake, ili mtu asije akapimiwa kiwanja ndani yake.